Insha Tatu za Nyumba ya Duara

Ipo siku moja inayonirudia kila ninapomsikia mwalimu akilalamika kwamba wanafunzi wake wameibiana kazi. Jana, mwanangu, uliponiletea zile karatasi mbili ukitaka nikubali kwamba zinafanana mno, ilinirudia tena. Ndiyo maana sikukujibu. Nilikuambia uziache mezani, umalize chai, uwahi kikao chako chuoni Kyambogo. Mtu aliyetoka kusahihisha akiwa na hasira huwa hasikii, na hasira hiyo naijua, nimekuwa nayo miaka mingi. Leo naona umetulia kidogo. Haya, vuta kiti.

Unajua kwamba nilifundisha uandishi chuoni mpaka nikastaafu, na kwamba darasa ulilopewa wewe lilikuwa langu. Usilolijua ni kwamba mimi mwenyewe nilinusurika kufukuzwa chuo kwa sababu ya insha. Wala haikuwa insha mbaya. Ilikuwa nzuri, nasema bila haya, na uzuri wake ndio uliozidi kuniponza.

Nilikuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha ualimu hapa hapa Kampala. Jina la chuo tuliache. Mwalimu wetu wa uandishi alikuwa kijana, Mwalimu Lubwama, mtoto wa mkulima wa kahawa kutoka upande wa Masaka, suruali yake imepigwa pasi mpaka unaogopa kukaa karibu naye. Usije ukamchukia mapema. Alikuwa mwalimu mwenye bidii, hachelewi, anatuazima vitabu vyake mwenyewe. Kazi ya kwanza aliyotupa muhula wa pili ni ile ambayo kila mwalimu huitoa akikosa wazo jingine: eleza nyumba uliyokulia. Kwa Kiingereza, bila shaka. Pale chuoni kila kitu kilikuwa kwa Kiingereza, hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Sasa mimi nilikulia barakisi, ndivyo tulivyoiita kambi ya polisi. Baba alikuwa konstebo, alitoka Gulu akiwa kijana na hakurudi. Nyumba tuliyopewa ilikuwa mojawapo ya vile vibanda vya duara vya bati, vyenye rangi ya fedha, ambavyo umeviona vimepangwa nyuma ya seng'enge ukipita barabarani. Humo ndani ni chumba kimoja. Katikati kuna pazia: upande huu baba na mama, upande ule watoto, masufuria na baiskeli ya baba. Mchana mnakaa nje kwa sababu ndani hakukaliki. Mvua ikinyesha hamsikilizani, mnaongea kwa mikono. Mlango wake ni mfupi, lazima uiname, na watu wa barakisi walikipa kibanda hicho jina la "mama ingia pole," maana mama aliyesahau akaingia kwa haraka alitoka na nundu.

Hayo yote niliyaandika, isipokuwa mambo matatu. Sikuandika neno barakisi, sikuandika lile jina la kibanda, na sikuandika kazi ya baba yangu.

Nilikuwa na sababu. Muhula wa kwanza wanafunzi waligoma kwa ajili ya chakula, polisi wakaitwa, mabomu ya machozi yakaingia mpaka mabwenini. Kijana mmoja wa darasa letu, Mugisha, aliruka dirishani akavunjika mkono. Mimi nami nilijifunika shuka lililolowa maji nikilia moshi ule ule pamoja na wenzangu, nisijue kama baba yangu yuko upande wa pili wa ua. Tangu hapo polisi hawakutajwa chuoni bila kufuatiwa na tusi. Nikiulizwa baba anafanya kazi gani, nilijibu, "Serikalini," nikabadilisha mazungumzo. Kwa hiyo insha yangu ilikuwa na nyumba ya bati ya duara inayoelea hewani, haina mtaa, haina majirani, haina hata sababu ya kuwa duara. Nilidhani nimefanya ujanja.

Siku ya kurudishiwa kazi, Mwalimu Lubwama alifanya kama walimu wengi wa hapa wanavyofanya mpaka leo. Alisimama mbele na lundo la karatasi, akaanza kuita majina kutoka aliyepata alama za juu kushuka chini. Unaitwa, unakwenda, unachukua, unarudi, na darasa zima linajua unasimama wapi duniani. Wewe bado unafanya hivyo, nimesikia. Tutalizungumza.

Lundo likaisha. Mkononi zikabaki karatasi tatu. Akasema kuna wanafunzi watatu wameandika nyumba ambayo haipo: ya duara, ya bati, ina pazia katikati na unainama kuingia. "Kama mnataka kuibiana," akasema, "ibianeni basi kitu cha kweli." Darasa likacheka. Akataja majina. La kwanza lilikuwa langu, Apio. La pili, Ramadhani, au Rama, kijana wa Kinubi, mchekeshaji wa darasa. La tatu, Candiru, msichana mpole kutoka Arua ambaye sikuwa nimewahi kuongea naye zaidi ya salamu.

Tukasimama. Akauliza nani ametunga na nani amenakili. Sisi tukatazamana, mwanangu, na hapo ndipo kila mmoja alipoelewa. Mimi nilikuwa nimejificha, kumbe hata wale wawili wamejificha. Tulitoka barakisi tatu za miji mitatu, hatukujuana utotoni, na serikali ilikuwa imetujengea nyumba ile ile. Neno moja tu lingemaliza kesi. Lakini neno hilo tungelisema mbele ya darasa zima, Mugisha akiwa amekaa mstari wa pili, mkono wake haujanyooka sawasawa.

Tukanyamaza. Mwalimu Lubwama akauchukua ukimya wetu kuwa kukiri. Alisema Ijumaa tutapelekwa kamati ya nidhamu, na kila mtu alijua kamati hiyo ilikuwa na adhabu moja kwa kosa la kunakili: unafungasha virago.

Jioni tulikutana nyuma ya jiko. Rama ndiye aliyeanza, kwa Kiswahili cha barakisi, ambacho sikuwa nimekisikia tangu nitoke nyumbani.

"Kumbe sisi yote iko watu ya bati," akasema, akacheka peke yake. "Sasa tunafanya nini?"

"Tunasema ukweli," nikamjibu.

Candiru akatikisa kichwa. "Mimi hapana taka watu wajue. Mimi nalala na wasichana kumi na mbili kwa ile bweni. Nyinyi nataka nilale wapi?"

Nilimkasirikia. Lakini nilipopanda kitandani niligundua kwamba nilikuwa namkasirikia kwa kusema lile nililokuwa naliogopa mimi. Baba alitarajiwa kustaafu mwaka ule ule ambao mimi ningehitimu. Askari akistaafu, kibanda kinapewa mwingine, na mama alikuwa ameshaniambia bila kuzunguka kwamba mshahara wangu wa ualimu ndio utakaowatoa pale. Nikifukuzwa, wanatoka barakisi kwenda wapi? Nikisema, mimi ninaishi vipi na wenzangu miaka yote iliyobaki? Nilikuwa na hofu mbili na sikujua ipi ni kubwa.

Kabla kesi haijafika kwenye kamati ilipaswa kupita kwa mkuu wa idara, na mkuu wa idara alikuwa Hajati Zainabu. Yeye alikuwa Mnubi, mjukuu wa wale askari waliokuja kutoka Sudani zamani za mkoloni. Mama mnene, mtaratibu, vazi lake la gomesi la kijani limemfika miguuni, na anapenda kunywa chai ya tangawizi huku anakusikiliza, kiasi kwamba hujui kama anakusikiliza wewe au anasikiliza chai. Alituita ofisini siku moja kabla ya Ijumaa. Tulimkuta na insha zote za darasa zimetandazwa mezani. Mwalimu Lubwama alikuwa ameketi pembeni, na Hajati alikuwa amemwomba asiseme neno mpaka aulizwe.

Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa nani amenakili. Hakuuliza hivyo. Alituangalia mmoja mmoja, akasema kwa Kiswahili, ofisini, saa za kazi:

"Watoto wangu, mimi nasoma hizi karatasi yenu yote tatu. Hii nyumba, mlango yake iko namna gani?"

Rama hakujibu kwa maneno. Aliinamisha shingo, akapinda goti, akapita mlango usioonekana katikati ya ofisi ile. Hajati akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani.

"Mama ingia pole," akasema.

Hatukuwa tumeliandika jina hilo popote, hata mmoja wetu. Candiru alianza kulia. Mimi sikulia, lakini nilikaa bila kuambiwa, jambo ambalo mbele ya Hajati halikuwa dogo.

Hajati aliwapatia wenzangu viti nao. Kisha akasema tusimulie, kwa lugha yoyote tunayoipenda, mvua inaponyesha katika nyumba ile nani anafanya nini. Rama alisema bibi yake alikuwa anatoa tasbihi, na kwa kuwa sauti ya dua haikusikika, watoto walikuwa wanafuata midomo yake. Candiru alisema baba yake alikuwa analikunja pazia na kulifunga juu, maana bila kusikilizana walihitaji angalau kuonana. Mimi nilisema mama yangu alikuwa anaweka sikio langu kwenye kifua chake na kuimba wimbo wa kwao, nami sikuusikia wimbo, niliuhisi tu ukipita mwilini mwake. Nilikuwa sijawahi kulisema hilo kwa mtu. Hata mimi nilikuwa sijui kama nalikumbuka.

"Sasa andika," Hajati akasema. "Kizungu, kama mwalimu yenu anataka. Lakini hiyo hiyo mumesema."

Akatutenganisha, kila mtu na kona yake, tukaandika. Nilivyoandika siku ile, mwanangu, sijaandika tena. Kwa mara ya kwanza Kiingereza kilinifuata mimi badala ya mimi kukikimbiza. Tulipomaliza, Hajati alimpa Mwalimu Lubwama karatasi zote tatu. Alisoma polepole. Alipofika kwenye ya tatu alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

"Sikujua," akasema. "Vile vibanda nimeviona kwa nje. Nilidhani ni stoo."

"Kutojua haina shida, sebo," Hajati akamwambia, akimwita bwana kwa Kiluganda, sasa kwa sauti ile ya kazi. Akavuta karatasi kadhaa kutoka kwenye lundo la mezani. "Lakini hebu nisaidie. Huyu ameandika sebule, makochi, vitambaa vyeupe vya kufuma juu ya makochi. Huyu hapa, sebule, makochi, vitambaa. Huyu, vitambaa, na picha ya arusi ukutani. Huyu, vitambaa, na mama anawafokea watoto wasivichafue. Nusu ya darasa lako wana vitambaa vya kufuma. Hawa mbona hukuwaita kwa kamati?"

Mwalimu Lubwama alizivuta karatasi zile, akaanza kuzipitia moja moja.

"Nyumbani kwenu Masaka mlikuwa navyo?" Hajati akauliza.

"Tulikuwa navyo, Hajati," akasema.

Niliona shingo ya mwalimu ikibadilika rangi, nikamwonea huruma, hilo nalo nalikumbuka. Mtu mwaminifu anapogundua kwamba alikuwa anatafuta wezi kati ya watoto wasiotoka kwao tu, hakuna haja ya kumzomea.

Nasi tulikuwa tumeanza kujisikia washindi. Hajati akatugeukia.

"Na nyinyi musicheke. Munaweka nyumba kwa karatasi, munatoa kijiji yake, munatoa watu yake, halafu munataka mwalimu aone? Ataona na macho ya nani? Mutu anaficha kitu, hiyo ruhusa yake. Lakini akificha, ajue msomaji amebaki inje."

Hilo ndilo karipio la maisha yangu, na nimelirudia kwa wanafunzi wangu wote, kwa Kiswahili kilichonyooka zaidi lakini si kizuri zaidi.

Kesi ya kamati ikafutwa pale pale. Lakini Mwalimu Lubwama akasema jambo ambalo kwalo ninamheshimu mpaka leo. Alisema ametuchafua mbele ya darasa, hivyo ni lazima atusafishe mbele ya darasa, na hajui atafanyaje bila kusema tunatoka wapi. Hajati alituambia tuamue wenyewe, kila mtu lake. Candiru akasema hapana. Hakuna aliyembembeleza. Rama akasema yeye anataka kusoma. Nami, kabla sijafikiri vizuri, nikasema nitasoma.

Ijumaa tulikuwa darasani badala ya kwenye kamati. Mwalimu Lubwama alisema alikosea juu ya insha zote tatu, kwamba kosa ni lake, na akaeleza habari ya vitambaa bila kujionea huruma. Kisha Rama akasoma, watu wakacheka kwenye bibi na tasbihi, maana walikuwa wamezoea kumcheka. Kisha nikasimama mimi. Sentensi ya kwanza nilikuwa nimeiongeza asubuhi ile: nilizaliwa barakisi, na baba yangu ni polisi.

Hakuna aliyecheka. Nilisoma mpaka mwisho, habari ya mvua, ya sikio kifuani kwa mama. Nilipomaliza, Mugisha akainua mkono wake mzima.

"Siku ile ya mgomo," akasema, "baba yako alikuwepo?"

Mwalimu akataka kuingilia, nikamwahi. "Sijui," nikasema. "Naogopa kumwuliza."

Ningeweza kukudanganya kwamba walinipigia makofi, lakini hawakupiga. Wasichana wawili wa bweni langu hawakunisalimia tena mpaka tulipohitimu. Ila nilipogeuka kurudi mahali pangu, nilikuta mtu ameshakaa pale, na Mugisha alikuwa ametoa begi lake kwenye kiti cha pembeni yake. Sikujua kama ni msamaha au ni nafasi tu. Nikakaa.

Kuhusu baba, nilimwuliza likizo ya Krismasi. Alisema alikuwepo, na kwamba aliliona bweni langu. Mengine ni yangu na yake. Ila nilipohitimu, mshahara wangu wa kwanza uliwatoa mama na yeye katika nyumba ya duara, wakapanga vyumba viwili Kasubi. Mvua ya kwanza kunyesha, mama alilalamika kwamba huko kimya mno.

Sasa tuje kwenye karatasi zako mbili, mwanangu. Nimezisoma usiku. Unasema huenda zimeandikwa na simu, siku hizi mnashuku simu kwa kila kitu, au huenda mmoja amemnakili mwenzake. Inawezekana. Wanafunzi huiba, nimewakamata wengi, na atakayekuambia hawaibi hajafundisha. Lakini wewe hukuwauliza chochote. Uliona zinafanana, ukaenda moja kwa moja kwenye fomu ya kamati. Na mimi nimeona kitu kingine: wote wawili wanasimulia mama anayeamka kabla ya alfajiri kwenda kupanga nyanya soko la Nakasero. Je, umewahi kuuliza ni wangapi darasani mwako wana mama wa namna hiyo?

Kabla hujamshtaki mtu, mwite, mpe kiti, mwombe akusimulie kitu ambacho karatasi haikukisema. Mwache aseme kwa lugha iliyo karibu na mdomo wake, Kiluganda, Kiswahili, Kilugbara, hata kama wewe huielewi na itabidi mwenzake akutafsirie. Halafu mpe kalamu aandike akiwa mbele yako. Aliyeiba utamjua haraka. Asiyeiba utakuwa umemfundisha kuandika, na hiyo ndiyo kazi uliyoajiriwa kuifanya. Swali la nyumba usilitoe kana kwamba nyumba zote zina sebule. Atakayetaka kuficha kwao mwache afiche, mpe njia nyingine ya kufaulu, kama Candiru, ambaye hadi leo hajasema alikotoka na ni mwalimu mkuu mahali fulani. Na kile kitendo chako cha kuita majina kutoka juu kwenda chini, acha. Wape karatasi zao mkononi, mmoja mmoja, na useme nao neno.

Zaidi ya yote, angalia zile insha unazozipenda. Zile unazosoma ukitabasamu, unazosema hii ni safi. Jiulize kama ni safi au zina vitambaa vya kwenu. Mimi nilipofundisha nilianguka upande wa pili: nilimpa alama za juu kila mtoto aliyeandika bati, mpaka Hajati, akiwa mzee wa mkongojo, akasoma lundo langu akaniuliza, "Apio, watoto wenye makochi wamekukosea nini?" Kwa hiyo usidhani nazungumza nawe kutoka juu.

Fomu yako ya kamati iko hapa, sijaigusa. Ichukue. Kama baada ya kuwasikiliza utaona bado inahitajika, ijaze, sitakuzuia. Nenda sasa, kabla hawajatoka darasani. Mungu akupe macho ya kuona nyumba ambazo hujaingia, akutunze usichoke kuuliza, na watakaokaa mbele yako mwaka huu wapate kwako kiti kabla hawajapata alama. Na ukipita mlangoni hapo inama kidogo, ule ubao wa juu umeshuka.